Mchungaji Aliyeshindwa Mjadala wa Nyota

Mjadala ule uliletwa na mdomo wa Clem Schirmer, na watu wa kijiji cha Lindental wanajua kwamba mdomo wa Clem ukishafunguka hakuna wa kuufunga. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Watu walikuwa wamesimama ukumbini na vikombe vya kahawa, na Mchungaji Lyall Hentschke alikuwa ndiyo kwanza atoke kuhubiri mahubiri yake ya nyota. Aliyahubiri kila mwaka, mizabibu ikishapukutisha majani na baridi ikishaingia Bonde la Barossa. Nguvu inayovuta vitu pamoja, alisema, ingezidi kidogo tu, ulimwengu ungejikunja na kujisaga ukiwa bado mchanga. Ingepungua kidogo tu, vumbi lisingekusanyika kuwa nyota, na pasipo nyota hakuna jua, hakuna udongo, hakuna zabibu wala mtu wa kuzivuna. Vipimo vya namna hiyo viko vingi, na vyote vimeangukia palepale panapotakiwa. "Sasa niambieni," alimalizia kama alivyomalizia miaka yote, "ni nani aliyepima?"

Wakati wa ibada Una Costigan alikuwa amekaa kiti cha nyuma kabisa. Mama huyu alitumia maisha yake kwenye darubini, akitazama nyota na kufundisha wanaozitazama, na alipostaafu akanunua nyumba na kishamba cha mizabibu kilichopakana na nyumba ya mchungaji. Hakuamini kuwa Mungu yupo, na hakulificha hilo. Kanisani alifuata kinanda. Alisema kinanda kile kikipigwa sawasawa anasikia magoti yakimlegea, lakini hayampeleki chini.

"Mahubiri mazuri, Mchungaji," alisema akikoroga kahawa yake. "Ila hesabu yako ina tundu."

"Tundu la ukubwa gani?"

"La kupita trekta la Clem."

Waliokuwa karibu wakacheka. Clem, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, akaweka kikombe chini. "Hapo sasa. Jambo hili tusilimalizie pembeni. Jumapili ya mwisho wa mwezi, saa nane mchana, humuhumu ukumbini. Mchungaji upande huu, mama upande ule. Kila mtu aje na keki na kizibo kimoja cha chupa. Tutaweka mitungi miwili ya kioo, na anayekubaliana na mtu atumbukize kizibo chake kwenye mtungi wake."

"Clem, mimi ni mchungaji, si bondia," alisema Lyall.

"Unaogopa?"

"Naogopa keki za mkeo."

Watu wakacheka tena, na Lyall akacheka nao. Lakini kahawa yake hakuimaliza.

Lyall Hentschke alikuwa na siri, nayo hata mkewe Glenys aliijua nusu tu. Alipokuwa kijana anasomea uchungaji, kaka yake Mervyn alipindukiwa na trekta kwenye mteremko wa shamba la baba yao, akafa kabla jua halijazama. Mervyn ndiye aliyemfundisha kuogelea na kupiga mluzi, na ndiye aliyekuwa akimtetea shuleni. Makaburini baba yao alisema ni mapenzi ya Mungu, akafunga mdomo, hakulizungumzia tena. Lyall alirudi chuoni akiwa ganda tupu. Aliomba kwa midomo, aliimba kwa midomo, na akawa anatafuta siku nzuri ya kumwambia mkuu wa chuo kwamba anaacha. Wiki hiyohiyo akaja profesa mgeni kuwahutubia wanafunzi juu ya vipimo vya ulimwengu, jinsi vilivyo finyu na jinsi isivyoelekea kabisa vitokee vyenyewe. Lyall alitoka nje. Kwa hiyo yuko, alijiambia. Ikiwa mambo hayakujipima, yuko aliyepima.

Tangu hapo alilishika wazo lile kama mtu anayezama anavyoshika gogo. Kila shaka iliponyanyua kichwa aliipiga kwa vipimo. Aliwahudumia wagonjwa, akabariki ndoa, akazika, na chini ya yote hayo aliliweka gogo lake lilelile. Hakuwahi kuthubutu kuliachia aone kama anajua kuelea.

Basi majuma yale ya kungojea mjadala yakawa marefu. Alisoma vitabu vya waliokubaliana naye, kisha, kwa kuwa alikuwa mwungwana, akasoma na vya waliompinga. Hapo ndipo usingizi ulipomwacha. Glenys alimwangalia asubuhi moja akipaka siagi upande mmoja wa mkate, kisha upande wa pili.

"Lyall, ni mjadala tu. Watu wanakuja kula keki."

"Najua."

"Una ni rafiki yetu. Hawezi kukuumiza."

"Simwogopi Una," alisema, na hilo lilikuwa kweli.

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa kwenye madirisha. Zilikuja keki za kila aina, na zile za Kijerumani zenye chenga za unga na siagi juu zilienea meza nzima. Mitungi miwili ilisimama mbele, mmoja umefungwa utepe mweupe wa Mchungaji, mwingine wa buluu wa Una. Clem alikuwa amevaa tai, jambo ambalo watu walilizungumzia kuliko mjadala wenyewe.

Lyall alianza. Alisema vizuri, pengine vizuri kuliko siku zote, maana hofu humnoa mtu. Aliwaambia wafikirie redio ya zamani yenye vitufe vingi vya kuzungusha, na kila kitufe kina nafasi zisizohesabika, na ni nafasi moja tu nyembamba inayotoa muziki. Nyingine zote ni mkwaruzo. "Ukiingia chumbani ukaikuta redio hiyo inaimba," alisema, "huwezi kusema vitufe vimejisogeza. Utatazama huku na huku umtafute aliyekuwa amekaa hapo." Watu walipiga makofi. Mtu alisema amina kwa sauti nzito.

Una akasimama. Hakuwa na karatasi.

"Vipimo alivyovitaja Mchungaji ni vya kweli," alisema. "Msije mkadhani nitawaambia kadanganya. Lakini yeye anasema jambo hili halielekei kutokea. Mimi namuuliza, amelilinganisha na nini? Redio ameziona nyingi, ndiyo maana anajua mkwaruzo ni kawaida na muziki ni nadra. Ulimwengu tumeuona mmoja. Hatujui kama vitufe vinazunguka. Labda vimegandishwa hapo na sababu ambayo bado hatujaigundua. Labda ziko redio zisizo na idadi, nyingi zinakwaruza, na sisi tumezaliwa ndani ya ile inayoimba, kwa kuwa ndani ya mkwaruzo hazaliwi mtu."

Akawatazama watu. "Babu zenu wa Kijerumani walikuja nchi hii kwa meli. Kila mwaka mnaadhimisha siku hiyo, mnamshukuru Mungu kwa kuwafikisha, na mimi nakula keki zenu. Lakini enzi hizo ziko meli zilizozama. Wajukuu wa waliozama hawakuzaliwa. Hawana ukumbi, hawana pa kusimama waseme hawakufikishwa. Wanaosimulia safari siku zote ni wale waliofika."

Lyall akainuka taratibu.

"Ni kweli, mama. Lakini mjukuu wa aliyefika bado ana haki ya kuuliza nani alishika usukani."

"Aulize. Mimi mwenyewe nauliza kila siku. Ila kuuliza hakujawa jibu. Na nikuulize lingine, wewe ndiye mchungaji. Huyo Mungu wako anaweza yote?"

"Anaweza yote."

"Basi vipimo vya nini? Asiyeshindwa na kitu angeweza kuotesha zabibu kwenye ulimwengu wowote, hata ule wa vumbi tupu. Anayehitaji kipimo ni mpishi, kwa sababu unga ukizidi, keki inamharibikia."

Watu walicheka kwa sauti, hata waliokuwa upande wa utepe mweupe. Lyall alijibu kwamba mwenye uwezo wote anaweza pia kupenda utaratibu, na jibu hilo halikuwa baya. Ndipo Una akasema la mwisho. Alilisema kwa upole, kama mtu anayemuuliza jirani hali ya mguu wake.

"Mchungaji, tuseme kesho asubuhi vijana niliowafundisha wananipigia simu. Wameipata sababu. Vipimo vyote viko vile kwa kuwa visingeweza kuwa vingine, na vitabu vyote vya hesabu vinakubali. Jumapili utakuja kanisani?"

Lyall alifungua mdomo. Alikuwa na jibu, mchungaji yeyote analo; liliandaliwa zamani, limepigwa pasi. Alilitafuta akalikuta. Lakini alipotaka kulitoa aliona macho ya Una, ambayo hayakuwa na mzaha hata kidogo, na akajua akilisema atakuwa amemwongopea rafiki mbele ya kanisa zima.

"Sijui," alisema.

Halafu akakaa.

Hakuna aliyepiga makofi. Clem, ambaye maishani mwake hajawahi kukosa neno, aliirekebisha tai yake, kisha akairekebisha tena, mwishowe akasema, "Haya, vizibo, jamani."

Mtungi wa buluu ulijaa. Ule mweupe ulijaa robo. Njiani kuelekea nyumbani Lyall alimuuliza mkewe kizibo chake alikitia wapi.

"Kwa Una," alisema Glenys.

"Glenys!"

"Sasa ulitaka niseme uongo? Alijenga hoja vizuri. Mimi nimeolewa na wewe, sikuolewa na hoja yako." Alimshika mkono. "Lyall, lile neno ulilosema pale."

"Sitaki kulizungumza."

"Basi."

Usiku ule Lyall hakujaribu kusali. Hakuwa na hasira. Aliogopa tu kunyoosha mkono gizani akakuta hakuna kitu.

Asubuhi ya Jumatatu simu ililia wakati wa chai. Mama Elfrieda Pech, ajuza aliyezidi miaka themanini, alikuwa ameteleza Jumamosi kwenye banda la kuku akavunjika nyonga. Leo wanampasua, na moyo wake si imara. Binti yake alikuwa anamwomba mchungaji aje kabla hawajamchukua.

Lyall aliendesha gari kwenda hospitali ya mji wa jirani huku mikono imekamata usukani kama unataka kumponyoka. Mizabibu ilipita pande zote mbili, mingine imeshapogolewa, mingine bado ina nywele za kichaa. Nitamwambia nini, alijiuliza. Nitakwenda kumshika mama wa watu mkono, niseme maneno ambayo jana nilishindwa kuyasimamia? Kwenye njia panda nusura ageuze.

Elfrieda alikuwa mdogo kitandani kuliko alivyomkumbuka, ila ulimi ulikuwa na ukubwa wake uleule.

"Nasikia umepigwa," alisema.

"Umesikia kwa nani?"

"Clem alipita jana jioni. Anasema ulikaa kimya kama kondoo."

"Nilisema neno moja."

"Nalo nimelisikia." Alifumba macho kidogo, kisha akayafumbua, na Lyall akaona kwamba mama huyu mwenye maneno alikuwa anaogopa sana. "Mchungaji, nikuombe kitu. Mume wangu Arno alipofariki ulikuja nyumbani ukaniambia habari za nyota. Vipimo sijui vya nini. Ulikuwa na nia njema. Leo usinihesabie nyota. Nishike mkono. Usali ile sala ya jioni ya kizamani, ya Kijerumani, ile tuliyofundishwa na mabibi."

Akamshika mkono. Ulikuwa baridi, mwepesi, umejaa mishipa. Akaanza.

Alianza kwa sababu alikuwa ameombwa, hakukuwa na sababu nyingine. Alikuwa anangoja, kwa kila neno lililomtoka, ardhi itoke chini yake. Neno la kwanza likapita, na la pili, yale maneno ya jikoni kwa bibi yake, yenye harufu ya sabuni na moto wa kuni, aliyokuwa akiyasema na Mervyn, vitanda viwili, chumba kimoja, kila mmoja akijaribu kumaliza kabla ya mwenzake. Ardhi haikutoka. Katikati ya sala aligundua kwamba hakuwa anakariri. Alikuwa anaongea na mtu. Hakuweza kumthibitishia yeyote, wala hakujaribu kujithibitishia mwenyewe. Alijua tu kama alivyojua kwamba mkono ule ulikuwa mkononi mwake.

Alipofika amina, Elfrieda alikuwa ameshasinzia kwa dawa.

Walimchukua. Lyall alikaa kwenye viti vya plastiki pamoja na binti wa mgonjwa, na pale, bila cha kufanya, alimfikiria kaka yake. Miaka yote, kila Mervyn alipomjia akilini, alikuwa akikimbilia kwenye nyota. Safari hii hakukimbia. Akaona jambo ambalo lilikuwa mbele yake siku zote. Makaburini siku ile aliuliza kwa nini Mervyn amekufa. Yule profesa akampa jibu la swali lingine, nani amepima ulimwengu, naye kwa kiu aliyokuwa nayo akalinywa, akajiambia kiu imekwisha. Swali lake mwenyewe halikujibiwa kamwe. Lilikuwa bado limekaa palepale, na yeye alikuwa mchungaji kwa miaka yote hiyo huku likimkodolea macho. Kumbe aliishi nalo. Machozi yalimtoka, akayaacha. Binti wa Elfrieda alidhani analia kwa ajili ya mama yake, akampa kitambaa.

Daktari alitoka amevua kofia. Alisema imekwenda vizuri, moyo umestahimili, na mgonjwa ameamka, anadai chai. Binti akamkumbatia daktari, akamkumbatia Lyall, akakumbatia na mfagiaji aliyekuwa anapita zake.

Nje jua la baridi lilikuwa limetoka mawinguni. Lyall alisikia kitu tumboni asichokisikia kwa majuma. Njaa. Alinunua pai mbili za nyama dukani, akazila ndani ya gari, moja baada ya nyingine, mchuzi ukimchuruzika hadi kwenye kola, na alipojitazama kwenye kioo akaanza kucheka. Alicheka peke yake mpaka mtu aliyeegesha jirani akamgongea dirisha kumuuliza kama yu mzima.

"Mzima," alisema. "Nimeshindwa mjadala."

"Pole," alisema yule mtu, akarudi nyuma hatua.

Alipofika nyumbani alimkuta Una uani kwake anapogoa mizabibu, na anaipogoa vibaya, matawi ya kuacha anakata, ya kukata anaacha. Alipomwona alikuja hadi kwenye uzio na mkasi wake.

"Sijalala," alisema. "Swali lile nililiuliza kama mtu anavyouliza swali. Sikujua. Nilipoona uso wako nilitamani nilirudishe mdomoni. Lyall, kama nimekuvunja, niambie."

"Hujanivunja."

"Usinihurumie."

"Nikuhurumie wewe uliyejaza mtungi?" Aliegemea nguzo ya uzio. "Sikiliza. Jana sikujua kama nitakuja kanisani Jumapili. Leo najua. Nitakuja. Vijana wako wapige simu, wasipige, nitakuja."

Una aliutundika mkasi kwenye uzio. "Basi hoja umeiacha?"

"Sijaiacha. Bado naona ni ajabu. Ila hainibebi mimi tena. Kumbe haikuwa inanibeba. Mimi ndiye niliyekuwa naibeba, na ni nzito, mama."

Una alicheka, akafuta pua kwa mgongo wa glavu. "Nami nikwambie langu, ila usimpelekee Clem. Kile kipimo cha kutanuka kwa ulimwengu kinanisumbua. Siku nyingine naamka nakiwaza. Nimeyasema yale yote jana na ninayaamini, lakini kile bado kimekaa kooni kama mfupa wa samaki. Sijui ni kwa nini kiko vile. Hakuna anayejua."

"Basi uwezekano upo."

"Wa nini?"

"Wa kukuona siti ya mbele."

"Kanisa lile lina upepo mbele, siti ya nyuma inanitosha," alisema Una. "Hebu vuka huku unionyeshe hivi vitu vinakatwaje, kabla sijaua shamba."

Alivuka. Walifanya kazi hadi jioni, yeye akionyesha kichipukizi cha kuacha, Una akibisha kila tawi.

Jumapili iliyofuata kanisa lilijaa, maana kila mtu alitaka kuona kama mchungaji atatokea, na akitokea atasema nini. Alitokea. Hakutaja nyota wala mjadala. Alizungumza juu ya kaka yake, ambaye wengi hawakujua kwamba aliwahi kuwapo. Alieleza jinsi alivyokufa na kwamba hajui kwa nini, akasema kwamba anamwambia Mungu hivyo hivyo, kwamba hajui, na anaendelea kumwambia. Yalikuwa mahubiri mafupi. Mlangoni Clem alimshika mkono akamnong'oneza kwamba safari hii hakupata hata nafasi ya kusinzia, kisha akashindwa kuuachia mkono, mwishowe akatoka nje haraka akijifanya anatafuta gari lake.

Mchana ule Lyall alijilaza kwenye kochi na viatu vyake. Alilala bila kugeuka, mdomo wazi, jua likihama kutoka miguuni mpaka usoni, hata Glenys akaja mara mbili kuinama juu yake asikilize kama anapumua. Alipoamka kulikuwa kumeshaingia giza. Aliuliza kama kuna chakula.